Macho Yanapotoa Hukumu: Kutoka Uwanja wa Ngoma hadi Video za Muziki wa Kisukuma

Historia ya video za muziki nchini Tanzania kwa kawaida huelezwa kuanzia Dar es Salaam. Huelezwa kuwa Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Kituo cha Serikali kikafuata mwaka 2000. Kwa mujibu wa maelezo hayo, hapo ndipo mwimbaji alipoanza kutazamwa na si kusikilizwa tu. Kwa upande wa mitambo, maelezo hayo ni sahihi. Kwa upande wa sanaa, yana pengo kubwa, na pengo hilo huonekana wazi mtu anapoitazama historia hiyo akiwa Kagongwa.

Kagongwa ni mji mdogo ulio kati ya Isaka na Kahama, kando ya barabara kuu iendayo Rwanda. Ni soko la mpunga na karanga, na ni njia ya watu waendao na watokao machimboni. Hapa Wasukuma, Wanyamwezi na Wasumbwa hukutana, na Kiswahili ndicho lugha ya soko. Muziki wa video unaopendwa katika ukanda huu, toka Shinyanga hadi Geita, si bongo fleva peke yake. Upo pia ule wa waimbaji wa Kisukuma, miongoni mwao Bhudagala na Gude Gude. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba video hizo hazikuanzisha sanaa ya kuvuta macho. Ziliirithi kutoka uwanja wa ngoma.

Chanzo cha urithi huo ni mashindano ya Bagika na Bagalu. Simulizi za Wasukuma huyataja makundi hayo mawili kuwa yalianzishwa katika karne ya 19 na waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana kuhusu nani alikuwa na dawa yenye nguvu zaidi. Wafuasi wao waliendeleza ushindani huo kwa ngoma. Baada ya mavuno, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na hadhira huwa huru kwenda upande wowote. Kundi lililozungukwa na watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo hukumu hutolewa kwa miguu, nayo miguu hufuata macho.

Kanuni hiyo ndiyo iliyowalazimisha manju, ambao kwa Kisukuma huitwa baningi, kuwa wabunifu wa picha. Maneno mazuri hayakutosha, kwa kuwa mtu aliye mbali huona kabla hajasikia. Bayeye walicheza na nyoka. Banunguli, waliokuwa wawindaji wa nungunungu, waliingiza uwindaji wao katika ngoma. Wacheza bugobogobo walirusha majembe hewani na kuyadaka kwa kufuata mdundo. Vinyago vya mbao vilichongwa ili vitokezwe ghafla mbele ya watu. Dawa za mvuto nazo zilitumika, na ziliaminiwa kuwa sehemu halali ya ufundi. Kanisa Katoliki lenyewe lilitambua nguvu ya mtindo huo: huko Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement kutoka Kanada aliyaunganisha mashindano ya ngoma na sikukuu ya Ekaristi, na sherehe ya Bulabo ikadumu hata baada yake.

Migodi mikubwa ilipofunguliwa, Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, mwaka 2009, hadhira hiyo ilitawanyika. Vijana waliokuwa wakisubiri mavuno ili waende uwanjani sasa walikuwa kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, kwenye malori au kwenye mashine za kukoboa mpunga. Ngoma ikawafuata, kwanza kwa kaseti, kisha kwa diski zilizoonyeshwa vibandani, na baadaye kwa simu za mkononi. Ndani ya kioo kidogo cha simu zilionekana tena mbinu za uwanjani: safu ya wachezaji waliovaa sare, kundi la ng'ombe lililopitishwa nyuma ya mwimbaji, pikipiki, trekta, na mandhari ya mbali yaliyobandikwa kwa kompyuta. Mtazamaji wa mjini huenda akaiona mandhari hiyo kuwa kazi ya mkono usio na ujuzi. Kwa mtu aliyelelewa na mashindano, ni jibu la swali la zamani: kundi hili limeleta nini ambacho lile halina?

Kuna jambo jingine linaloeleza kwa nini video hizi hupendwa kwa namna ya binafsi sana. Nyingi hutungwa kwa ajili ya mtu au ukoo maalumu. Majina yake huanza kwa maneno kama «Harusi ya» au «Ujumbe wa», kisha hufuata jina la mhusika, na ndani ya wimbo hutajwa wazazi, ndugu na kijiji. Anwani huwa ya Kiswahili, wimbo wenyewe huwa wa Kisukuma. Kiswahili kinaupeleka wimbo sokoni. Kisukuma kinamrudisha msikilizaji nyumbani. Kwa mtu aliye mbali na kwao, kuutunza wimbo wa namna hiyo katika simu ni kutunza hati ya ukoo.

Hata hivyo, kilichopotea kisifichwe. Uwanjani, manju aliwaona watu wakimwacha, akabadili wimbo papo hapo. Mbele ya kamera mpinzani hayupo, wala hadhira haiwezi kumsahihisha fanani. Hesabu ya watazamaji wa mtandaoni huja baadaye, kazi ikiwa imekwisha.

Wanafunzi wa fasihi simulizi wana deni hapa. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kuwa muktadha wa utendaji ni msingi wa kuzitambua tanzu hizo. Lakini mazoea ya utafiti yamebaki kuandika maneno ya wimbo na kuiacha picha. Kwa nyimbo za Kagongwa, kufanya hivyo ni kuhifadhi nusu ya hoja na kuitupa ile nusu iliyokuwa ikishinda. Diski za miaka ya 2000 zinakwaruzika na kutupwa, na simu za zamani zinakufa na vilivyomo. Maktaba za vyuo zinazotunza miswada ya tenzi zina kila sababu ya kuzipokea diski hizo pia, pamoja na majina ya waliopiga picha, waliocheza na walioimbiwa.