Kiapo cha Olenguruone

Barabara ya kusini kutoka Molo hupita Keringet, ikapanda na kushuka vilima hadi Olenguruone, Kuresoi Kusini. Ni zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Ukungu hukawia kuondoka na mahindi hukaa shambani karibu mwaka mzima, kwa hiyo mkulima hutegemea viazi. Aina ya Shangi huuzika upesi, ingawa dalali bado atamdai gunia la lumbesi lililojazwa kupita kiasi, kanuni ya kilo 50 ya mwaka 2019 isimshughulishe. Maji hayana shida: kwenye Msitu wa Mau ulio jirani huanzia Amala, mto unaokutana na Nyangores na kuwa Mara, unaonywesha nyumbu wa Serengeti.

Waogiek walikuwa wakirina asali na kuwinda katika msitu huo kabla ya mkoloni kuchora mpaka wowote.

Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilianza kuwapa Wakikuyu mashamba Olenguruone. Wengi wao walikuwa maskwota wa zamani na watu walioondolewa Umasaini. Ugomvi ukazuka papo hapo. Wao waliihesabu ardhi hiyo kuwa fidia ya mashamba yaliyochukuliwa na walowezi Kiambu. Serikali iliwahesabu kuwa wapangaji tu, ikawaamulia namna ya kulima, idadi ya mifugo, hata mtoto gani arithi shamba. Wakakataa.

Walichofanya baadaye ndicho kilichokiingiza kijiji hiki katika historia ya Kenya. Hadi hapo kiapo cha siasa kilikuwa cha wanaume wachache walioaminika. Huko Olenguruone kiapo kililiwa na wanaume, wanawake na hata watoto, kijiji kizima kikafungamana. Kufikia 1950 serikali ilikuwa imewafukuza: nyumba zilichomwa, mimea ikafyekwa, mifugo ikakamatwa, na wengi wakapelekwa Yatta, nchi kame. Naona serikali ilijiponza, maana kiapo kilikwisha kuenea kwa maskwota wa Bonde la Ufa. Oktoba 1952 serikali ikatangaza hali ya hatari ili kuzima uasi uliojengwa juu ya viapo.

Baada ya uhuru walilowea wengine huko Olenguruone, wengi wao Wakipsigis. Ardhi haikutulia: Kuresoi ilichomwa tena katika ghasia za 1992 na za uchaguzi wa 2007.

Waogiek nao walikwenda Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao Mau, na Juni 2022 ikaiamuru iwalipe shilingi milioni 157.85 na kuwapa hati za pamoja za ardhi ya mababu zao.