Kanisa Kuu la Aachen: Zaidi ya Miaka 1,200 ya Kanisa la Kaizari

Mwanzoni mwa karne ya 9, kanisa la kasri la Aachen, magharibi mwa Ujerumani ya leo, lilikuwa limekwisha kusimama. Aliyeliagiza ni Charlemagne, mfalme wa Wafranki, ambaye Papa Leo wa Tatu alimvika taji la kaizari mjini Roma siku ya Krismasi mwaka 800.

Kwa macho ya wageni, lilikuwa kanisa la kaizari wa Kirumi hasa. Ukumbi wake wa pembe nane ulifuata mfano wa San Vitale ya Ravenna, na nguzo na marumaru zilisafirishwa kutoka Ravenna na Roma kwenyewe. Lakini mwenye kanisa alibaki Mfranki. Einhard, aliyeandika habari za maisha yake, anasema alishikilia mavazi ya kwao. Ya Kirumi aliyavaa mara mbili tu, tena kwa kuombwa na mapapa.

Kanisani alikuwa haadimiki, asubuhi na jioni. Nje ya kanisa, dini hiyo hiyo aliipeleka kwa upanga: taarifa za ufalme wake zinasema mwaka 782 Wasaksoni 4,500 waliuawa kwa amri yake huko Verden, na sheria aliyowawekea ilimhukumu kifo aliyekataa ubatizo. Hata hivyo, urafiki na Mwislamu haukumpa shida. Harun al-Rashid wa Baghdad, yule yule wa hadithi za Abunuwasi, alimpelekea tembo aliyeitwa Abul-Abbas, akafika Aachen mwaka 802.

Mwaka 813 Charlemagne alimtawaza mwanawe Louis hapo hapo kanisani, bila Papa kuwapo. Alifariki tarehe 28 Januari 814, akazikwa humo siku iyo hiyo.

Kiti cha enzi kilicho ghorofani ni cha marumaru isiyo na nakshi, na ubavuni kuna mistari ya mchezo wa kete iliyokwaruzwa na mikono ya zamani. Pamoja na ufukara wake huo, wafalme wa Kijerumani wapatao 30 walitawazwa Aachen kati ya 936 na 1531, kila mmoja akijitangaza mrithi halali wa Charlemagne.

Mwaka 1930 kanisa hilo lilithibitishwa kuwa kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Aachen. Mwaka 1978 UNESCO ililiweka katika orodha ya kwanza kabisa ya Urithi wa Dunia, likiwa la kwanza kutoka Ujerumani.