Haielezeki, haisemeki, haisemwi

Leo naomba tuongee kuhusu neno moja lililowahi kunitia aibu.

Asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, Morogoro. Watu wakakimbilia na madumu kuchota petroli, moto ukalipuka, na hesabu ilipokuja kukamilika zaidi ya watu 100 walikuwa wamepoteza maisha. Nilipokaa chini kuandika, sentensi yangu ya kwanza ilisema kwamba hali ilikuwa "haielezeki". Mhariri akanipigia simu: "Kama haielezeki, nikulipe kwa kazi gani?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimekuwa nikilichimbua neno hilo na ndugu zake.

Tuanze na Kiingereza, maana ndiko wengi wetu tunakokimbilia tukiishiwa (tusidanganyane). 'Inexplicable' chimbuko lake ni Kilatini, explicare, yaani kukunjua, kama unavyokunjua khanga. 'Indescribable' ni kisichoandikika. 'Ineffable' ni kisichoweza kutamkwa, na zamani lilikaa sana kanisani, likimhusu Mungu na jina lake. 'Unspeakable' nalo lilianza na maana hiyohiyo ya kutosemeka, lakini leo Mwingereza akilitumia, mara nyingi anazungumzia uovu.

Sasa turudi nyumbani. Kueleza kumezaliwa na kuelea. Jambo likikuelea, umelielewa. Ukilieleza, umelifanya liwaelee wengine. Kamusi hutenganisha kuelea kwa chombo majini na kuelea kwa jambo akilini, kana kwamba ni maneno mawili. Mimi si mtaalamu wa isimu, ila naona ni lile lile moja: kitu kilichokuwa chini kimeletwa juu, kila mtu anakiona. Kwa hiyo Mlatini alikuwa na nguo iliyokunjwa, sisi tuna kitu kilichozama. Na hapo mhariri alinipata kweli. Kilichozama hutafutiwa mpiga mbizi.

Maneno mengine tuliletewa na dau kutoka Uarabuni. 'Ajabu' ni mojawapo, na liliwahi kupewa jumba zima: Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash, Unguja, iliyojengwa mwaka 1883. Ilikuja kuwa na taa za umeme na lifti, vitu ambavyo leo hakuna anayevigeukia. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Lakini lililoniacha mdomo wazi ni 'muujiza'. Mzizi wake wa Kiarabu ni ule wa kushindwa, kukosa uwezo. Muujiza ni kile kinachomfanya binadamu ashindwe kufanya mfano wake. Mzizi huohuo ndio uliotupa 'ajizi', yule mvivu wa kesho-kesho, na 'ajuza', bibi kizee aliyeishiwa nguvu. Ukoo mmoja! Neno hili wala halizungumzii ulimi. Linasema wewe, msemaji, umezidiwa.

Lipo na jingine ambalo halikuvuka bahari. Ukisimama Msamvu ukaangalia kusini, unaiona milima ya Uluguru, na Waluguru ni watu wa mlimani kwa maana ya jina lao lenyewe. Kwao, kama kwa jirani zao Wazaramo na Wakwere, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, akafundishwa. Mafundisho hayo ya siri, pamoja na nyimbo na mafumbo yake, kwa Kiswahili yanaitwa mizungu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalieleza neno 'mzungu' wa mizungu kuwa ni jambo la kushangaza, ujanja, kitu cha ufundi mkubwa. Yule Mzungu mwingine, wa ngozi nyeupe, wengi humpeleka kwenye kuzunguka, eti kwa sababu alikuwa hatulii mahali. Huenda. Ila mimi siachi kujiuliza kama watu wa pwani hawakumwona kwanza kama mzungu wa aina ile, kioja kinachotembea.

Nilimkuta bibi mmoja wa Kiluguru akiuza ndizi mjini Morogoro. Nikamwamkia, tukapiga soga, nikajitia ujasiri nikamwuliza alifundishwa nini alipokuwa mwali.

Akacheka mpaka akafuta machozi. "Mjukuu wangu, yanasemeka yale. Ila hayasemwi."

Tazameni herufi chache tu zilivyobadili kila kitu. Hayasemeki: ulimi umeshindwa. Hayasemwi: ulimi unaweza, mwenye ulimi hataki, au amekatazwa. Kiingereza hulazimisha 'unspeakable' kubeba yote mawili, msomaji akabaki kukisia. Sisi tumepewa vitenzi viwili, halafu sisi waandishi tunachanganya kila siku. Maiti imeharibika, "haisemeki". Kigogo kaiba, "haisemeki". Hilo la pili linasemeka sana, jamani.

Nikirudi Msamvu: nililifuta lile "haielezeki". Niliandika idadi, saa, na madumu yaliyobaki barabarani. Halafu nikaandika kwamba nje ya wodi alikuwepo mama mmoja amekaa chini, kiganja juu ya shavu. Waandishi watatu tulimfuata kwa zamu kumwuliza alichokiona. Alitutazama mmoja mmoja, na hakumjibu yeyote.