Posho ya Njiani: Magari ya Saadani na Nguvu ya Kuyaendesha

Katika karne ya 19 Saadani, inayotazamana na Unguja, ilikuwa mlango wa misafara ya bara, na nguvu ya usafirishaji ilikuwa miguu ya wapagazi. Mpagazi alijitwika karibu frasila mbili, kama kilo 32. Chakula cha safari nzima hakikubebwa: msafara ulichukua nguo na shanga, ukanunua posho kijiji hadi kijiji.

Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society aliondoka Saadani na maksai wachache, akafika Mpwapwa, huko bara. Matumaini yakapanda, na kwa haki, maana maksai naye hula njiani, tena majani ya bure. Mwaka uliofuata Alexander Mackay wa Church Missionary Society akasimamia ufyekaji wa barabara ya Saadani hadi Mpwapwa, na magari ya ng'ombe yakaingia porini. Mbung'o waliwauma maksai, ugonjwa wa nagana ukawaangamiza, mizigo ikarudi mabegani mwa watu. Majani yalibaki tele. Aliyekosekana ni mnyama wa kuyageuza kuwa mwendo.

Gari la nitrojeni, yaani linaloendeshwa kwa nguvu ya gesi hiyo, lina hesabu inayofanana na hiyo ya posho ya njiani. Nitrojeni ni asilimia 78 ya hewa, hivyo haikosekani popote. Ikishindiliwa mtungini huhifadhi nguvu kama springi iliyobanwa. Ikifunguliwa, hutanuka na kusukuma pistoni. Magari ya gesi asilia ya Dar es Salaam nayo hubeba gesi iliyoshindiliwa, kwa kanieneo ya takriban bar 200, lakini ile huchomwa, na nguvu yake kubwa hutoka motoni. Nitrojeni haiwaki, na mtungi wake huwa mzito kuliko gesi iliyomo.

Ikipozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri, nitrojeni huwa kimiminika na tanki huweza kuwa jepesi, ingawa nitrojeni hiyo hugeuka mvuke hata gari likiwa limeegeshwa. Joto la hewa ya nje huichemsha, ikatanuka karibu mara 700. Joto hilo ndilo posho yake, na pwani halikosekani usiku wala mchana. Mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, kilionyesha LN2000, gari la kusambazia barua lililogeuzwa litumie nitrojeni. Lilitembea, lakini polepole, na tanki liliisha upesi: kilo moja ya kimiminika hicho haitoi zaidi ya megajuli 0.8, ilhali kilo ya petroli ina 44.