Burse: haki iliyogeuka bahati



Wiki iliyopita mama aliniita, akaniambia anataka kuuzisha nusu ya lupangu yetu ya Katuba juu nimalize doktora. Sikujibu mara moja. Niko asistenti, lakini jina langu halijaingia bado kwenye listi ya mishahara, na ile prime kidogo ninayopata inaishia kwenye taksi na fotokopi. Baba mdogo alikuwa ameketi pale. Yeye alisoma hapa Lubumbashi mu miaka ya 1970. Akacheka pole, akasema: "Siye, serikali ilikuwa inatulipa juu tusome. Sasa nyinyi munalipa juu musome?"

Neno lile lilinikamata. Nilisoma historia, basi nikajiuliza: nini ilitokea katikati ya baba mdogo na mimi?

Tuanzie mbali kidogo. Mu 1954 chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Kimwenza, karibu na Léopoldville, mkononi mwa Wakatoliki na kwa msaada wa Louvain. Mu 1956 chuo cha serikali kikafungua milango Élisabethville, njo Lubumbashi ya leo. Kumbe walikuwa wamechelewa sana. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu walikuwa wachache hivi kwamba wangeenea mu bisi moja. Mu 1959 Lovanium ilikuwa imekwisha kupata hata mtambo wa nyuklia, lakini nchi haikuwa na watu wa kuiongoza.

Njo sababu burse ilikuwa kitu cha kawaida. Nchi mpya ilikuwa na haraka ya majaji, maenjenia na waganga wa hospitali. Mwanafunzi alihesabiwa kama mtumishi anayetayarishwa: apewe kitanda, chakula, na franga za mwezi. Baba mdogo anasema kutoka ile burse alikuwa anatoa sehemu kwa ajili ya sabuni ya nyanya na masomo ya wadogo zake. Burse ya mtu mmoja ilikuwa inasomesha nyumba nzima.

Lakini tusidanganyane: haikuwa paradizo. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi waliteremka mu barabara za Kinshasa. Bei zilikuwa zinapanda, burse haitoshi, na wakubwa wa serikali wanajenga nyumba nzuri. Askari wakapiga risasi. Wanafunzi walikufa, na hesabu yao inabishaniwa mpaka leo. Viongozi wao wakahukumiwa kifungo.

Hapa, bandugu, niliposoma tena mambo ya 1969, nilisimama. Wale vijana hawakuomba kitu kimoja, waliomba vitu viwili: burse iongezwe, na wanafunzi wapewe nafasi mu uongozi wa chuo. Franga na sauti. Siye tunakumbuka ya kwanza tu.

Mu Juni 1971 wanafunzi walipotaka kukumbuka wafu wao, Mobutu aliingiza wanafunzi wa Lovanium mu jeshi kwa nguvu. Kisha, mu Agosti, vyuo vitatu (Lovanium, kile cha Lubumbashi, na kile cha Waprotestanti Kisangani) vikafanywa kimoja, UNAZA. Fakilte ya lugha na fasihi ikahamia hapa Lubumbashi, na watu kama Mudimbe wakafundisha huku. Burse ilibaki. Lakini uamuzi wote ulikuwa Kinshasa, mkononi mwa serikali na chama chake kimoja. Sauti ilikatwa kwanza. Franga zilifuata nyuma.

Kwa sababu burse ilikula kwenye shaba. Tangu 1974 bei ya shaba ilianguka, Gécamines ikaanza kuyumba, deni la Zaïre likapanda. Mu miaka ya 1980 wenye kukopesha, FMI mbele, walidai serikali ipunguze matumizi, na maisha ya mwanafunzi yalikuwa kati ya vitu vyepesi kukatwa. Burse ilibaki kwenye karatasi, lakini haikununua tena hata mfuko wa bunga.

Kwa wale wa doktora mlango mwingine ulikuwa Ubelgiji. Profesa wengi wa wakati ule walifanyia teze kule. Usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa mu kampusi ya Lubumbashi. Wangapi walikufa, mpaka leo watu hawapatani. Ubelgiji ikasimamisha msaada wake, Mobutu naye akafukuza wataalamu wa Kibelgiji. Wakubwa walikosana, na mlango ukafungiwa vijana ambao hawakuwa mu ugomvi ule.

Kisha njo ikaja miaka ya 1990 ambayo kila nyumba inajua: uporaji, makuta isiyo na uzito, walimu bila mshahara. Wazazi wakaanza kuchanga juu walimu waweze kuishi. Walisema ni kwa muda kidogo. Ile muda kidogo haijaisha. Mama yangu na lupangu yake wako mu mustari ule ule.

Leo mwenye kutafuta doktora iko na njia ngapi? Ya kwanza ni kazi ya asistenti, njo burse ya siri ya Kongo: unafundisha ili upate haki ya kutafuta. Ya pili ni Ubelgiji iliyorudi kwa mlango mwingine, VLIR-UOS na ARES. Mara nyingi unakaa miezi kule na miezi huku, na promoteri wawili. Ya tatu ni DAAD ya Ujerumani. Ya nne ni BEBUC, iliyoanzishwa na Gerhard Bringmann wa Würzburg pamoja na Virima Mudogo wa Kinshasa: inachagua wanafunzi wenye kung'ara na inaweza kuwafuata mpaka doktora. Kabla ya kujaza karatasi yoyote, tafuta kwanza promoteri na andika projeti yako vizuri. Na uliza maswali mawili: nani analipa, na siku akiacha, teze yangu itabaki wapi?

Njia zote zile ni nzuri, na mimi mwenyewe ninajaza karatasi. Lakini ni kama bahati: mmoja anapita, mia wanabaki. Hakuna inayorudisha neno la pili la 1969. Tunalipa minervale, tunalipa gharama za juri, lakini nani kati yetu amekwisha kuona hesabu ya vile franga zinatumika? Chama chetu cha wahitimu kinaweza kuomba kile kwa barua, kwa heshima, bila jiwe hata moja. Waliomba kwa miguu mbele yetu na walilipa bei kubwa.

Jana nilimjibu mama: lupangu ibaki. Teze itakawia mwaka mmoja, labda miwili. Aliniangalia, akasema: "Baba, mimi nilikuwa nimekwisha kumuona mununuzi." Sijui kama amemurudisha.