Bei Zilipanda, Ardhi Ikaamua

Kati ya mwaka 1500 na 1640, bei ya nafaka Uingereza ilipanda zaidi ya mara nne, huku ujira wa kibarua ukibaki nyuma sana. Wengi hueleza kuzaliwa kwa matabaka mapya kwa mfumuko huo peke yake: fedha ya migodi ya Potosí, Amerika Kusini, sarafu zilizochakachuliwa na Mfalme Henry VIII, watu kuongezeka. Hayo yote ni kweli, lakini hayaelezi kwa nini majirani wawili waliolima ngano ileile chini ya kabaila mmoja waliishia mmoja tajiri, mwingine kibarua. Jibu lilikuwa kwenye haki ya ardhi. Wa kwanza alikuwa na hati iliyofunga kodi yake kwa kiwango cha zamani. Ngano ilipopanda bei, faida ilibaki kwake, akaongeza ng'ombe na mashamba. Wa pili alimiliki ardhi kwa nakala ya daftari la baraza la kabaila tu. Baba akifariki, mrithi alidaiwa ada ya kuingia shambani, na mara nyingi kabaila aliweza kuipandisha atakavyo. Aliyeshindwa kulipa alihama.

Wakulima wenyewe walilijua hilo. Mwaka 1549, maelfu ya wakulima wa Norfolk walibomoa nyua zilizofunga malisho ya pamoja, wakapiga kambi nje ya mji wa Norwich wakiongozwa na Robert Kett, ambaye naye alikuwa na ardhi na nyua zake. Katika madai yao 29 hawakuomba sadaka. Walitaka kodi zirudi kama zilivyokuwa mwaka wa kwanza wa Henry VII, yaani 1485, na makabaila wasilishe mifugo kwenye malisho ya wote. Jeshi la serikali liliwasambaratisha mwezi Agosti, na Kett akanyongwa Desemba.

Wapo watakaosema kwamba wingi wa watu ungewafukarisha wakulima hata kama sheria zingekuwa nyingine. Hoja hii ina uzito: watu walipozidi, thamani ya ujira ilishuka na ardhi ikagombaniwa. Lakini tazama Poland, iliyouza nafaka yake Ulaya Magharibi kupitia Gdańsk. Huko nako bei nzuri ilikuwepo, ila mabwana walikuwa na nguvu ya kumfunga mkulima kwenye shamba, na sheria ya mwaka 1520 ikamlazimisha kumfanyia bwana kazi angalau siku moja kwa wiki. Baadaye siku hizo ziliongezwa. Soko lilelile lililozaa mkulima tajiri na kibarua Uingereza, Poland lilikaza utumwa wa shambani.

Huku Uingereza, sheria ya maskini ya mwaka 1601 iliweka tofauti hiyo kati ya mkulima tajiri na kibarua kwenye maandishi. Kila parokia ilitakiwa kutoza kodi kwa ajili ya maskini wake, na wasimamizi waliteuliwa miongoni mwa wenye nyumba waliojiweza. Kijijini, hao mara nyingi walikuwa wakulima wale ambao kodi yao ya ardhi haikupanda.