Vina vya Watoto wa Nyanda za Kati

Kina, kwa kipimo cha ushairi wa Kiswahili, ni silabi inayofanana mwishoni mwa maneno mawili au zaidi. Bata, pita na futa yana kina kimoja, ingawa kwingineko hayafanani. Bata na kaka hayana, japo yote mawili huishia kwa irabu a, na hapo ndipo mtoto anayeanza kujifunza hupotea. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, nazo irabu ni tano tu, kwa hiyo mfanano wa irabu peke yake hauhesabiki. Tena mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na kina hubaki mahali sauti inaposhuka. Kinachogonga sikio ni mwanzo wa neno: katika "kiti kile kidogo kimevunjika" ki husikika mara nne. Mtoto wa Kigogo, wa nyanda za kati za Tanzania, huingia darasani akiwa na mazoea hayohayo, maana lugha yake nayo hupatanisha maneno kwa viambishi vya mwanzo. Mwisho wa neno ni jambo la kufundishwa.

Kabla ya shule, sikio lilinolewa nyumbani na malishoni. Jioni ndani ya tembe, nyumba ya Wagogo yenye paa bapa la udongo, watoto walitegeana vitendawili. Mchana, pamoja na kuchunga, walicheza kwa kokoto, kwa makofi na kwa miguu, katika jamii ambayo ngoma zake, kama muheme wa wanawake, zinajulikana nchi nzima. Hakuna aliyeuita mchezo somo la silabi. Lakini mkono unaofuata mapigo ya wimbo hukata maneno vipande vipande, na asiyeweza kulikata neno hawezi kuusikia mwisho wake.

Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na shule zilizofuata zilileta ubao na chati. Kwa muda mrefu kusoma kulianza kwa irabu, kisha ba be bi bo bu, darasa zima likiitikia kwa pamoja. Njia hiyo imewasomesha wengi, ila kwa upande wa vina inakwenda kinyume: hushika konsonanti na kubadili irabu, wakati kina hutaka silabi nzima ishikwe na maneno yabadilike. Mtoto aliweza kuimba mstari wote bila kugundua kwamba ba hiyohiyo imo mwishoni mwa baba na haba.

Aliyevitoa vina kwenye karatasi na kuvipa miguu alikuwa mtu wa hukohuko. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Alikuwa Mgogo, mwandishi wa historia na mila za Wagogo katika kitabu kilichotoka mwaka 1954, na Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza. Hata hivyo akawa mwenyekiti wa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, jambo linalowasuta wanaodhani ushairi ni mali ya pwani pekee. Mwaka 1968 Rais Nyerere aliwataka washairi walifafanue Azimio la Arusha kwa wananchi. Mnyampala aliitikia kwa ngonjera, yaani shairi la majibizano linaloigizwa. Alifariki mwaka 1969, na vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vikachapishwa mwaka 1970 na 1971.

Shule za msingi, ambazo tangu 1967 zilifundisha kwa Kiswahili, ziliipokea ngonjera kwa mikono miwili. Wanafunzi husimama pande mbili, huyu mjinga wa jambo, yule mjuzi, pengine mmoja na jembe na mwingine na daftari, wakijibizana ubeti kwa ubeti hadi wakubaliane. Kina cha mwisho hapo ni kengele: anayengoja zamu yake hukisikilizia ili ajue ubeti wa mwenzake umetua. Kasoro yake ni kwamba watoto walikariri vina vilivyotungwa na watu wazima, mara nyingi kwa ajili ya mgeni rasmi, na ni nadra kuachiwa watafute vyao. Elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza mwaka 1977, ilijaza madarasa, na kukariri ndiko kulikokuwa rahisi zaidi.

Sera ya elimu ya mwaka 1995 iliingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, na mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili yakapata mtaala uliokazia kusoma, kuandika na kuhesabu, KKK. Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango wa kuboresha elimu wa EQUIP-Tanzania, ulioandaa pia masomo ya utayari wa shule kwa watoto wasiozungumza Kiswahili nyumbani. Katika mkoa huu hao si wachache. Kondoa na Chemba pekee zina Kirangi, ambacho ni cha Kibantu, Kiburunge cha Kikushi, na Kisandawe chenye sauti za kidoko.

Kwa mtoto wa namna hiyo kifaa mkononi si pambo la somo. Hawezi kupima mwisho wa neno asilolijua, na kitu chenyewe humpa maana bila tafsiri. Jikoni pana hazina nzuri: jiko, mwiko na kijiko vina kina kimoja. Mwalimu akivipanga mkekani na kuchomeka ndoo katikati, mtoto huvitaja kimoja kimoja, hupiga kofi kwa kila silabi, kisha huiondoa ndoo. Baadaye huja visoda vilivyoandikwa silabi, anavyovisogeza mwenyewe: ko hubaki mahali pake, ji na mwi hupokezana mbele yake. Chumba, nyumba na simba huja mwisho, kwa sababu mba si ba, na sikio changa huzichanganya.

Sera ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, kwa hiyo mwiko na kijiko hutangulia darasa la kwanza. Ngonjera bado huimbwa siku za mahafali.